Pikipiki Tatu Mpaka Ziwa la Nalumbi

Jumanne, 12 Oktoba 1976

Leo Mwanasha kapita mbele ya uwanja wangu juu ya pikipiki ya bwana shamba. Kakaa upande, magoti pamoja kama bibi harusi, miwani ya jua usoni. Miwani! Mtu wa Kiswere, aliyekulia kuparua samaki! Salamu hakutoa. Kaninyooshea kidole kimoja, basi.

Kumbe alitoka mkutanoni Kilwa. Jioni kisimani wanawake hawana neno jingine. Helena, ambaye mdomo wake haujapata kulala, kasema huenda kwenye uchaguzi wa Jumatatu tumchague Mwanasha awe mwenyekiti wa wanawake, maana anajua kusafiri.

Mwenyekiti ni mimi! Tangu serikali ilipotuhamishia hapa Kiranjeranje barabarani ni mimi. Nani aliyewapanga foleni ya maji walipokuwa wanaparuana kama kuku?

Pikipiki moja si kitu. Mimi nitatoa tatu. Tutapanda milima, tushuke mpaka ziwa la Nalumbi, tukawaangalie viboko. Halafu tuone nani anajua kusafiri.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Nikodemu, bwana shamba. Shikamoo bibi, marahaba. Kijana ana adabu. Nikamweleza safari. Kakataa! Kasema petroli ya serikali si ya kuangalia viboko. Nikamuuliza nani kataja viboko. Kasema wewe bibi, sasa hivi. Nikamwambia hakusikia vizuri, hii ni ziara ya kujifunza kilimo cha mpunga.

Uso ukamng'aa. Huyu ukimtajia mpunga unaweza kumvua viatu asijue. Kasema Nalumbi ni kijiji cha mfano, atawapelekea taarifa leo leo kwa lori la korosho. Nikamwambia awaeleze pia kwamba akina mama wa Kiranjeranje hawaogopi kazi yoyote. Yalinitoka tu. Yakapendeza.

Pikipiki ya pili ni ya Abilahi, karani wa korosho. Mkewe nimemzalisha mimi, hana ujanja. Ya tatu ya Xaveri, katekista. Kasema breki zake mbovu. Nikamwambia Mungu wake je, naye mbovu? Kakubali.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mpango umekamilika. Mimi mbele kwa Nikodemu. Helena katikati kwa Abilahi, aone kila kitu, aje asimulie. Mwanasha nyuma kabisa kwa Xaveri, ale vumbi la pikipiki mbili mpaka miwani isimwonyeshe kitu.

Nimemwalika mwenyewe, kwa sauti ya chini. Kashtuka. Kauliza, "Bi Mboni, humu umetia nini?" Nikamwambia upendo.

Mume wangu Likwata kauliza Jumamosi nani atapika. Nimemjibu muhogo upo, kuni zipo, na mikono anayo. Kaenda kuzihesabu kuni.

Jumamosi, 16 Oktoba

Safari! Tumeondoka alfajiri, wanawake wote barabarani, vigelegele. Kiuno cha Nikodemu nimekataa kukishika, mtu mzima mimi. Nimeshika kola. Kila shimo alikohoa. Nikamwamuru apite polepole mbele ya nyumba za watu na akimbize porini. Yeye alitaka kinyume. Amesoma, lakini hajui mambo.

Milima nayo! Niseme kweli. Tulipofika juu kabisa wakazima pikipiki, pakawa kimya. Bonde zima miti imetoa majani mapya, mekundu kama khanga ya sikukuu, na chini ziwa limelala jeupe kama sahani. Nimezaliwa nchi hii, nimezeekea humu, sijapata kuona. Nilitaka kusema neno, Helena akaniwahi kwa chafya. Nikageuka nyuma. Mwanasha alikuwa mwekundu mwili mzima, chungu ambacho hakijachomwa! Moyo wangu ukapata kila kitu.

Halafu mteremko. Breki za Xaveri! Wametupita kama mwewe, Xaveri anamwita Bikira Maria, Mwanasha nyuma anatoa shahada. Wameishia kwenye kichaka cha Nalumbi, wa kwanza kufika. Ngoma zikalia. Wenyeji wakamtoa kichakani, wakamvisha maua shingoni, wakamwita mama mwenyekiti. Yeye! Nilipofika mimi maua yamekwisha.

Nikauliza viboko wako wapi. Mzee Eusebio, mwenyekiti wa Nalumbi, akatugawia majembe. Kasema amepata taarifa kuwa hatuogopi kazi yoyote, na shamba la mpunga la kijiji linatungoja. Helena kaniangalia. Sitaandika alivyoniangalia. Tumelima mpaka alasiri, ziwa liko nyuma ya migongo yetu. Viboko nimewasikia tu wakikoroma. Wao walikuwa wamepumzika.

Wakati wa hotuba Mwanasha kaanza kuinuka na maua yake. Nikamwahi! Nikasema mwenyekiti ni mimi. Nikasema kazi hii kwetu ni mchezo. Nikasema mwenyekiti wa wanawake wa Kiranjeranje, yeyote atakayekuwa, atakuja mwenyewe kila msimu, kulima, kupalilia na kuvuna. Makofi! Wazee wamesimama! Eusebio kaahidi kuchonga mpini wa jembe la mwenyekiti. Mwanasha kakaa chini taratibu.

Jumapili, 17 Oktoba

Mgongo. Nikiinama siinuki, nikiinuka sikai.

Helena anapita nyumba kwa nyumba anasimulia, kama nilivyopanga. Wanawake wanamsikiliza wameshika viuno. Likwata kaniletea maji ya moto bila kuombwa, akaenda kucheka uani.

Jumatatu, 18 Oktoba

Ushindi!

Mwanasha kajitoa mwenyewe. Kasema kifua kinambana, lile vumbi. Katibu wa kijiji kauliza kama yupo mwingine. Wanawake wote wakatazama miguu yao. Yustina, ambaye kiti hiki anakiota kila siku, kasema mwanawe mgonjwa. Mwanawe alikuwa pale nje anacheza rede.

Likatajwa jina langu. Mikono yote juu! Mwanasha kainua miwili! Helena akapiga kelele nipewe miaka yote iliyobaki. Machozi yamenitoka. Wananipenda hivi, na mimi nilikuwa sijui.

Baadaye Nikodemu kaleta salamu za Eusebio. Mpini uko tayari, wananingoja wiki ijayo. Nikamwambia wanivumilie, nina safari kubwa zaidi. Pikipiki tano. Huko juu magharibi, nasikia kuna kijiji unaona nchi yote mpaka bahari. Mwanasha nitamweka ya tano. Nikamwambia apeleke taarifa leo leo, tunakwenda kujifunza kilimo cha mtama.

Kauliza kama aongeze neno lolote. Nikamwambia aongeze kwamba na visima tunachimba.