Kabati Lisilojua Mkubwa

Idara ya Mpangilio inayo furaha kutangaza kwamba foleni zimefutwa rasmi. Kuanzia sasa kompyuta ndiyo itakayosoma majina ya waombaji, na atakayetajwa kwanza atapewa nyumba ya serikali iliyobaki. Mimi ni katibu wa kamati ya kugawa nyumba hiyo, na nashuhudia kwamba uamuzi ulifikiwa kisayansi: katika majaribio yote, Mkurugenzi alitajwa wa kwanza.

"Inatambua vyeo," alisema Mkurugenzi kwa unyenyekevu mkubwa.

Fundi wa programu akakohoa. "Mkuu, ndani ya kompyuta majina yamo kwenye kitu kama kabati, kila mtu na ufunguo wake. Ukimtaka mtu, unampata chapuchapu. Ila kabati halijaahidi nani atatangulia. Likizidi kujaa, linajipanga upya lenyewe."

"Fundi, usituletee siasa."

Ukatoka waraka wenye mhuri: mpangilio wa kompyuta haukatiwi rufaa, na hakuna jina litakaloondolewa. Ndipo tukagundua dosari ndogo. Waombaji wote walikuwa wakubwa, na watu wana midomo. Mkurugenzi akaagiza aongezwe mtu wa chini ili haki ionekane. Akaitwa mama mfagizi, anayelala chumba kimoja na mkwewe na wajukuu, paa likivuja.

"Karibu, mama. Kaa kule nyuma," Mkurugenzi alimwambia mbele ya waandishi wa habari. "Na ufunge mlango. Wa mwisho ndiye hufunga mlango."

"Haya, baba."

Fundi akaingiza jina lake. Kabati likazidi kiasi chake, likajipanga upya. Kompyuta ikasoma: mama mfagizi, wa kwanza. Mimi niliangukia katikati, sina malalamiko. Mkurugenzi alitajwa wa mwisho kabisa, akitanguliwa hata na marehemu mmoja ambaye waraka ulikataza tusimfute.

"Rudia!"

"Nikirudia itasoma vilevile, mkuu. Labda tuongeze mtu mwingine."

"Hapo nitakuwa wa ngapi?"

"Hilo anajua Mungu."

Kamera zilikuwa zinawaka. Mkurugenzi akakabidhi funguo za nyumba huku meno yote yakiwa nje. Mama alizipokea akilia waziwazi, nami nikampigia makofi, jambo lisiloruhusiwa na kanuni za utumishi. Kisha mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatazama nyuma, ambako upepo ulikuwa umeufungua mlango.

"Baba, vumbi linaingia. Wa mwisho ndiye hufunga mlango, au nilisikia vibaya?"

Kamati inapenda kuthibitisha kwamba Mkurugenzi aliufunga mlango ipasavyo, akiwa upande wa nje.