Chaza Kumi na Wawili wa Maabara

Jumatatu, 3 Machi 1975
Gunia la chaza limefika huku bara kwa treni kutoka Dar! Daktari Alois, mkuu wa maabara yetu, anachunguza bakteria wanaoishi ndani ya chaza. Mimi kanipa kumi na wawili, mwenzangu wa kazi Ndugu Yustina kumi na wawili. Ijumaa atatazama kazi zetu kwenye hadubini. Atakayemridhisha anakwenda Dar kusoma miezi sita. Pwani! Miaka saba sijaiona bahari. Yustina, mzaliwa wa Matombo huko milimani, kaniuliza kichwa cha chaza kiko wapi. Nimeshashinda.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua mmoja. Harufu ile! Nikamwona marehemu mama, Kilwa, maji yamekupwa, ananiita nije nile chaza kabla hawajapoa. Nimelia kidogo juu ya hadubini. Chakula cha mchana: ugali wa unga wa njano wa msaada, wiki ya tatu sasa. Nikasema nichemshe chaza mmoja, nikamulie ndimu. Mmoja tu.

Jumatano, 5 Machi
Wamekwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebaki na makombe yao matupu, magamba tu. Lakini mtu wa pwani hakosi akili! Nimeokota konokono wadogo migombani, nikawafungia ndani ya makombe kwa uzi. Ute wao nimeupaka kwenye kioo cha hadubini. Daktari ataangalia kioo tu. Yustina anachora kila anachokiona. Maskini, anajichosha bure.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaangalia kioo changu muda mrefu. Akasema hajapata kuona bakteria wa namna hii kwenye chaza. Akanishika bega! Kisha akataka tufungue mwingine pamoja. Nikasema chaza hawapendi kusumbuliwa. Akakata uzi. Konokono akatoka taratibu, pembe mbele, nyumba mgongoni. Yustina alicheka mpaka akakaa sakafuni. Dar anakwenda yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari ameniamuru nieleze kwa maandishi konokono aliingiaje humo. Nimeandika kwamba naye alitamani pwani, ila hana ruhusa ya safari. Kasoma, kaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kilwa. Akasema Jumatatu linakuja gunia jingine, nikalipokee mimi stesheni, maana naonekana chaza nawajua. Nimeshukuru kwa moyo wote. Nimeapa kubadilika. Nazi nimeshapata sokoni Mwembesongo. Safari hii nitapika nusu tu.