Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 6

Nimejiandikisha! Mbio za kilomita tano, Jumamosi hii. Maishani sijawahi kukimbia zaidi ya kuwahi nguo za wateja kambani mvua ikianza. Shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi mwenye maneno mengi, naye kajiandikisha. Baba mkwe ametangaza kwamba kati yetu wawili, atakayetangulia kumaliza atakalia kile kiti chenye mito, kinachotazama televisheni, kila Jumapili. Tangu nioe nakalia kigoda cha mlangoni na kuona nusu ya mpira. Safari hii haki yangu naipata.

Jumatano, tarehe 8

Mazoezi yameanza. Nilitoka nduki hadi kona ya duka la dawa, roho ikataka kuniacha. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Shemeji akapita anakimbia, akaniuliza hali kwa upole. Ule upole wake ndio unaoudhi.

Jioni nikampelekea keki nzima, anenepe. Akaila yote, akashukuru, akasema mkimbiaji anahitaji wanga. Sikuachiwa hata kipande.

Ijumaa, tarehe 10

Siri nimeipata! Mwalimu wa michezo alifuata suruali zake hapa kibandani kwangu, nikamuuliza mabingwa hufanya nini. Akasema kabla ya mbio lazima mtu apashe misuli moto, na wengi hupuuza. Basi? Mimi ni dobi. Kupasha moto ndiyo kazi yangu. Shemeji na mikasi yake atapasha kwa kitu gani? Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama shati lake li salama.

Jumamosi, tarehe 11

Kwanza nilijipaka dawa ya kuchua, kopo zima. Kisha nikapiga pasi taulo mbili, nikajifunga mapajani, suruali juu yake. Uwanjani wenzangu walikuwa wanarukaruka na kujinyoosha. Nikawahurumia, hawana pasi.

Filimbi ilipolia, dawa ikakolea. Nilikimbia! Nikampita shemeji, nikampita mwalimu, mke wangu akapiga vigelegele. Nilikuwa naongoza, mapaja yanawaka, nikaona cha mtema kuni. Kwenye meza ya maji palikuwa na beseni la sponji. Nikalikalia. Wasimamizi walinibembeleza nitoke, wakachoka. Shemeji akapita, akanisalimia kwa upole.

Jumapili, tarehe 12

Nimemkuta shemeji kitini. Mke wangu amesema nimejipalia makaa mwenyewe, mwalimu alimaanisha kurukaruka kidogo tu. Lakini baba mkwe aliingiwa na huruma. Akasema hajawahi kuona mtu akianza mbio vile, akamwamuru shemeji anipishe.

Kiti changu! Nikainama, mapaja yakagusa mto, nikanyanyuka upesi. Nimetazama mpira wote nimesimama, nimekishika mgongo kiti mtu asikikalie.

Mbio nyingine ni mwezi ujao. Kosa langu nimeligundua: nilipasha mapaja peke yake. Safari ijayo napasha na nyayo.