Kwaya Yangu ya Kimya

Jumatatu, 18 Novemba

Zimebaki siku nne kabla ya tamasha la kufunga muhula. Nieleze kwanza, maana shajara isiyoeleza ni kelele tu za kalamu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa muziki. Umri: hamsini na minane. Nilistaafu ukarani, nikajiunga na chuo, na chuo kikanileta huku ugenini kumalizia mafunzo ya vitendo. Ijumaa Mkaguzi atakuja kunitazama nikiongoza kwaya ya darasa la nne. Akiridhika, mimi ni mwalimu. Asiporidhika, narudia. Mke wangu ameshawatangazia ndugu na wakwe kwamba narudi mwalimu.

Kwaya ina watoto kumi na wawili. Kumi na mmoja wanavumilika. Mmoja anaimba kando ya wimbo, kama mtu anayetembea mtaroni na barabara anaiona. Nimempa jina la Mjukuu, kwa kuwa kila sentensi yake ina bibi ndani.

Leo nilimwita kando. Nikamweleza kwa upole, robo saa nzima, kwamba katika muziki kimya nacho kina kazi, kina alama zake, na kinaitwa pumziko. Yeye nimemteua ashike pumziko. Afungue mdomo, asitoe sauti. Na iwe siri.

Akauliza atapumzika mpaka lini. Nikasema mpaka wimbo uishe. Akafikiri. Akauliza itakuwaje kwa bibi yake, anayepanda mabasi mawili kuja. Nikasema bibi atamwona.

"Haji kuniona, mwalimu. Ananiona kila siku."

Nikatazama saa yangu. Nikamwambia kengele iko karibu kulia. Haikuwa karibu.

Jumanne, 19 Novemba

Mafanikio! Kwaya imenyooka. Kwa dakika tano hivi. Kisha nikagundua jambo ambalo vitabu vya chuo havikulitaja: ukimtoa mwimbaji mbaya, anasikika wa pili aliyekuwa amejificha nyuma yake. Hawa wa pili ni mapacha. Nimewaita kila mmoja peke yake, nikampa pumziko lake na siri yake. Wamefurahi sana. Kila mmoja anadhani kamshinda mwenzake.

Chumba cha pili kuna yule kijana tunayesoma naye chuo, mwenye kikundi cha filimbi ishirini. Naye anakaguliwa Ijumaa. Filimbi zake zinalia kama mabirika ishirini jikoni, lakini anatabasamu siku nzima. Ananiita babu. Kaniuliza mbele ya watu kama babu anahitaji msaada wa kubeba kinanda. Nimekibeba mwenyewe. Mgongo unauma.

Jumatano, 20 Novemba

Wanne zaidi wamepewa pumziko. Sasa wanaimba watano tu, na wanaimba kama maji yanayomiminwa kwenye glasi. Mwalimu Mlezi, anayesimamia mafunzo yangu na ambaye kwa umri angekuwa kitinda mimba wangu, alikuwa akipiga kinanda. Akainua kichwa, akasema, mzee wangu, umefanya nini, sauti imesafika. Nikasema ni subira. Nikamweleza maana ya subira. Akaomba ruhusa aende kula.

Mjukuu anafungua mdomo kuliko wote. Hakosei hata neno moja ambalo halisemi. Nimejaribu kutomtazama.

Alhamisi, 21 Novemba

Hakuna mazoezi. Ukumbi unapangwa viti. Nikaona nitumie siku vizuri: niwakumbushe wale saba wajibu wao, mmoja mmoja, kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, mlangoni mwa maktaba. Tatizo ni sweta. Watoto wote wa shule hii wanavaa sweta moja ya bluu na kofia ya sufu inayofika kwenye nyusi. Msichana wa miwani sikuwa na hakika kama ni wa kuimba au wa kupumzika, nikamwambia apumzike, kwa tahadhari. Mvulana mrefu naye hivyo hivyo. Kuna mmoja alishangaa kidogo, lakini nilipomweleza umuhimu wa kazi yenyewe akakubali.

Sikuandika popote. Karani kwa miaka thelathini na mbili, sikuandika popote!

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika haraka niyamalize.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi safu ya tatu, kalamu mkononi. Bibi wa Mjukuu safu ya kwanza, kiti cha katikati, mkoba magotini. Mwalimu Mlezi akapiga utangulizi. Nikainua mikono. Midomo kumi na miwili ikafunguka kwa pamoja, vizuri sana, kama nilivyofundisha.

Hakuna kitu.

Kinanda kikaendelea peke yake. Nikadhani wamechelewa kuingia. Nikapunga zaidi. Midomo ikapanuka zaidi. Baba mmoja aliyekuwa akirekodi aliigonga simu yake, akaiweka sikioni, akaigonga tena. Ubeti wa pili, Mjukuu alinitazama. Alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna anayeimba. Alikuwa ananiomba ruhusa, kwa macho tu. Ningemwitikia kwa kichwa kidogo, angeimba. Vibaya, lakini angeimba, na bibi yake yuko hatua tatu mbele yake.

Nikamtazama Mkaguzi. Nikaweka kidole mdomoni.

Tuliumaliza wimbo hivyo, beti tatu na kiitikio. Wazazi wakapiga makofi, maana ni watu wenye adabu. Kisha zikaja filimbi ishirini, zote zinasikika, zote zimepotea njia. Watu wakasimama kushangilia.

Mkaguzi akaniuliza ile ilikuwa nini. Nikamweleza. Baada ya dakika arobaini akafunga kalamu. Ameandika: arudie muhula ujao, shule nyingine. Nimempigia mke wangu. Akasema msiba wa kujitakia hauna kilio, akakata.

Hilo ningelibeba. Lakini mlangoni bibi alinisubiri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mwalimu. Nilikaa mbele kabisa, lakini masikio yameshanistaafu. Kinanda nimekisikia. Sauti za watoto ndizo zimenipita zote. Mjukuu wangu aliimba vizuri?"

Mjukuu alikuwa kando yake, anatazama viatu vyangu.

"Vizuri sana, mama," nikasema.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikula asubuhi. Nikaamua: naenda kusema kweli. Nyumba yao ni ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na jirani anagonga ukuta. Bibi ameshaamini kuwa anakuwa kiziwi. Jumanne anakwenda kwa daktari wa masikio, na ameanza kujizoeza kusoma midomo kwenye kioo. Akaniwekea kiti. Akaniuliza, mtu msomi kama mimi, sikio hasa huharibika vipi.

Nilifungua mdomo niungame. Nikajikuta naeleza vile vifupa vitatu vya ndani ya sikio. Nikavichora. Saa nzima. Alinishukuru sana, akasema sasa amepata moyo wa kumkabili daktari.

Mjukuu alinisindikiza mpaka chini.

"Hukumwambia," akasema.

Nikasema nitamwandikia barua.

"Herufi ndogo hazioni. Barua zake namsomea mimi."

Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe hajamwambia. Akasema nilimwambia iwe siri. Akapanda ngazi. Nikarudi chumbani kwangu kutafuta kalamu.

Jumapili, 24 Novemba

Nafungasha. Gari linakuja saa tisa. Barua nimeianza mara mbili. Ya pili imefika ukurasa wa nne. Nimeeleza mapafu, nimeeleza koo, nimefika kwenye kamba za sauti, na bibi bado hajatajwa. Nitamtaja. Ni suala la mpangilio tu.

Nilipokuwa natafuta mpangilio huo, nikapata nuru. Nimekuwa najilaumu bure! Kosa langu halikuwa kuwanyamazisha. Saba walinyamaza vizuri kabisa. Kosa langu lilikuwa kukosa orodha, Alhamisi nikawapumzisha na wale watano wa kuimba. Muhula ujao nitakuwa na jedwali: wanaoimba, wanaopumzika, walioambiwa. Na tarehe, na rangi ya kofia.

Nimelichora tayari. Limependeza. Karatasi zilikuwa zimeniishia, nikatumia migongo ya ile barua.