Kamera Ndani ya Kikapu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu ameapa mbele ya kaka zake kwamba mimi ndiye nitakayepiga picha za arusi ya binti wa shemeji, Jumamosi hii. Bi arusi anataka picha moja kubwa ya kutundika sebuleni: yeye na gauni lake, kando ya chemchemi iliyo ndani ya jengo la maduka. Nikasema hakuna shida. Mdomo wangu huwahi kufika kuliko akili.

Leo nimekwenda kupima mwanga. Hata kifuniko cha lenzi sijatoa, mlinzi huyo! Mwanamke mpole, ndiyo maana alinitisha. Akasema kamera za kazi haziruhusiwi ila kwa kibali; ofisi iko ghorofa ya pili, nipande tu nikaombe. Nikaombe! Wakikataa je? Nitamwambia nini shemeji? Asiyeomba hanyimwi, huo ndio msimamo wangu. Nimerudi nyumbani bila kupanda.

Jumanne, tarehe 5

Nina sheria! Nimesoma kwenye simu kwamba mahali palipo wazi kwa umma kila mtu anaweza kupiga picha. Sikufika mwisho, bando liliisha.

Nikamwendea mlinzi kifua mbele. Nikamweleza kwamba mimi nina studio ya picha na sheria naijua: mlango uko wazi, watu wanaingia bure, kwa hiyo hapa ni pa umma. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kaka yangu," akasema, "studio yako nayo si iko wazi? Nikija na jiko langu nianze kupika humo, utanyamaza?"

Watu nyuma yangu wakacheka. Akaongeza kwamba kamera yangu hataigusa wala picha zangu hatazifuta, hana haki hiyo. Ila akiniambia niiweke chini au nitoke, basi nitatoka, maana nyumba ina mwenyewe. Nikajifanya nimepigiwa simu, nikaondoka.

Mlangoni nikakutana na Kidevu Juu, mpiga picha ambaye studio yake inatazamana na yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu ndilo neno lake kwa kila mteja. Alikuwa anashuka kutoka ghorofa ya pili, anapiga mluzi. Alikuwa anatafuta nini huko? Labda choo.

Jumatano, tarehe 6

Sikulala. Mke wangu amenikumbusha kwamba kaka zake hawakunitaka tangu mwanzo, walisema kupiga picha si kazi ya kulisha mtu. Nikiharibu hili, watamsimanga mpaka azeeke. Naogopa, sifichi.

Lakini nimepata njia. Nimetoboa kikapu cha sokoni, lenzi inachungulia kwenye tundu, juu nimejaza vitunguu. Nani atashuku vitunguu? Kesho tutafanya mazoezi, mke wangu akiwa bi arusi. Amekubali shingo upande. Nimempa masharti ninayowapa maharusi wote: atembee polepole, atazame pembeni, atabasamu, wala asiseme neno hata dunia ikipasuka, maana sauti huharibu video.

Alhamisi, tarehe 7

Sijui nianzie wapi.

Mlangoni tulipita. Mlinzi aliangalia vitunguu, akanipa pole kwa mzigo. Mke wangu akatembea vizuri sana, nami mbele yake kinyumenyume, kama kazi yetu ilivyo. Mwanga mzuri ajabu! Nikawasahau walinzi. Nikaisahau na chemchemi yenyewe.

Nikaikumbuka maji yaliponifika shingoni.

Vitunguu vikaelea, kamera ikazama. Mke wangu amesimama ukingoni, anatabasamu bado, anatazama pembeni. Nikamuuliza kwa nini hakunionya.

"Si ulisema nisiseme neno?"

Mlinzi ndiye aliyenivuta mkono. Kamera nilipoiopoa hakuichukua. Vitunguu alinisaidia kuokota.

Ijumaa, tarehe 8

Mtaa mzima umeniona! Kamera za ulinzi zilinirekodi na mtu fulani akaisambaza video. Shemeji mwenyewe ameituma kwenye kundi la familia. Yaani wamenipiga picha bila kuniomba!

Damu ikanichemka. Nikapanda ghorofa ya pili kwa mara ya kwanza. Meneja aliniomba radhi kwa dhati, akaahidi kumtafuta aliyeivujisha. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini sikupanda mapema. Asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa picha ni bure, kinachotakiwa ni kuomba. Kidevu Juu aliomba Jumanne, akisema huenda akapata mteja.

Ameshampata. Shemeji alimpigia simu jana jioni.

Mke wangu hakula. Hakunigombeza pia, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Miaka yote hii nimekutetea."

Jumapili, tarehe 10

Arusi imepita. Picha ya chemchemi imetoka vizuri, lazima nikiri, ingawa kidevu kimeinuliwa mno. Mke wangu alikaa kati ya kaka zake akitazama sakafu muda wote. Lazima nimrudishie heshima yake.

Na bahati imekuja yenyewe. Binti wa shemeji wa pili anaolewa mwezi ujao, anataka picha kwenye bustani ya hoteli. Mke wangu ameomba kwa mara ya mwisho wanipe mimi, na wamekubali, nadhani kwa kumhurumia. Akaniambia jambo moja: niende mapokezi nikaombe. Nikaitikia vizuri sana.

Lakini wakikataa je?

Nimeshaazima ovaroli ya mtunza bustani na toroli. Lenzi itachungulia kati ya majani. Kosa la safari ile lilikuwa vitunguu, vilikuwa vizito. Kamera nimeifukia kwenye mchele, imeanza kuwaka. Bustani nimeichungulia leo kupitia uzio: tambarare kabisa, hakuna cha kumkwaza mtu, ni nyasi tupu na bwawa la kuogelea katikati.

Kesho mazoezi. Mke wangu atatembea polepole, atazame pembeni, asiseme neno.