Bembea Yenye Kamba Fupi

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimeipima bembea yangu ya kulalia porini kwenye mzani wa duka la jirani. Aibu tupu! Nguo yenyewe ni nyepesi, naikunja inaingia mfukoni. Uzito wote uko kwenye vitu vya kuining'iniza. Kila ncha ina vikamba chungu nzima vilivyokusanywa kwenye pete ya chuma, pete ina kulabu, kulabu ina mnyororo, mnyororo una kamba, kamba ina bizimu. Nilibuni yote hayo mwenyewe, zamani, nilipokuwa na nguvu za kubeba ujinga wangu.

Tangu mama yake afariki, kila mwaka mimi na binti yangu tunakwenda kulala usiku mmoja kwenye kambi ya msituni. Yeye kwenye hema lake dogo, mimi kwenye bembea. Asubuhi tunakunywa chai, tunasema maneno machache, tunarudi. Mwisho wa mwezi huu anaolewa. Safari ya Jumamosi ndiyo ya mwisho akiwa bado wa nyumbani kwangu. Na anakuja na mchumba wake! Hakuniuliza. Amenijulisha tu, huku anapaka siagi kwenye mkate.

Mchumba ni daktari wa meno. Mikono laini, sauti laini. Ukiongea naye anakutazama mdomoni. Posa yake ilikubaliwa na dada yangu. Mimi niliulizwa baadaye, vikombe vikiwa vimeshaoshwa.

Jioni alikuja, akaiona bembea imetandazwa sebuleni. Akasema kwa adabu zote kwamba vyuma vile havina kazi. Kitanzi kimoja kifupi kila ncha, mkanda mmoja mrefu wa kuzungusha kwenye mti, fundo moja, basi. Binti yangu akacheka, akasema amekuwa akiniambia hivyohivyo miaka yote. Ni kweli, ameniambia. Lakini yeye ni mwanangu. Huyu ni nani?

Nimeamua. Nitaipunguza mwenyewe, kwa akili yangu, na itakuwa fupi kuliko alivyosema yeye. Binti yangu akiona nimeshafunga na kujilaza kabla huyu wake hajafungua zipu ya begi, atasema kwa mdomo wake mwenyewe: baba, mwaka ujao twende tena, wawili. Hicho ndicho ninachokitaka. Kingine sitaki.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi yangu ni kushona makochi. Leo kochi la mwalimu mkuu limelala karakanani tumbo wazi kutwa nzima. Potelea mbali, lisubiri. Nimeshughulika na bembea.

Vyuma vyote ndooni! Kila ncha nimeikunja, nikapitisha kamba moja nene, nikaishonea humohumo kwa uzi wa makochi. Hakuna bizimu. Hakuna mnyororo. Hakuna cha kurekebisha. Kwani kirekebishwe nini, kama mtu amepima vizuri? Nami nimepima vizuri sana. Nimepima kwenye nguzo mbili za baraza langu. Nikaacha kamba ya kuzunguka nguzo mara moja na kufunga, iliyobaki nikaikata. Kipande kilichoanguka kilikuwa kirefu kuliko kilichobaki. Raha iliyoje!

Jaribio la kwanza: imekaza kama ngozi ya ngoma. Nilipanda. Ikanitupa. Dada yangu aliingia getini wakati huohuo, akanikuta nimepiga magoti sakafuni, akaniuliza kwa upole kama ninasali. Nikamjibu kwamba ninakagua sakafu. Akasema nikimaliza nikague na kichwa.

Jaribio la pili sikulifanya. Kitu kikishathibitika, kukijaribu tena ni kukosa imani.

Ijumaa, 6 Septemba

Ebo! Nimefungua begi langu la safari na nimekuta nini? Mikanda miwili mirefu, mipya, imeviringishwa vizuri, imefichwa chini ya soksi. Nani mwingine? Ni yeye, wa meno! Amenitilia mikanda yake kimyakimya, kama mgonjwa anayetiliwa dawa kwenye uji. Yaani anajua kabisa kwamba nitashindwa. Ameshanipangia kushindwa kwangu, akaniwekea na huruma juu yake.

Niliikagua. Mshono wake ulinikera, kwa sababu ulinyooka. Hakika ameinunua duka la bei mbaya.

Nilitaka kumrudishia mbele ya binti yangu, kisha nikapata wazo tamu zaidi. Kochi la mwalimu mkuu lilikuwa halina mikanda ya chini ya kikalio. Nikaikata yote miwili vipandevipande, nikaisuka, nikaipigilia misumari. Kochi likasimama imara. Jioni mwalimu mkuu amekuja kulichukua. Akakaa, akainuka, akakaa tena, akasema hajawahi kukalia kitu kama kile. Nimecheka peke yangu karakanani mpaka nikakohoa.

Jumapili, 8 Septemba

Nimerudi. Mgongo unauma, shingo inauma, na mdomo ndiyo usiseme. Naandika nikiwa nimesimama.

Jana tulifika kambini mapema. Miti ipo, tena mingi. Lakini hakuna miwili iliyosimama kama nguzo za baraza langu! Hii iko mbali kidogo. Ile iko mbali zaidi. Nilivuta, nikavuta, kamba inafika kwenye gome la mti na kugota hapo, haizunguki. Daktari alishafunga bembea yake zamani. Kisha akafunga na ya pili. Ya nani? Ya binti yangu. Ameacha hema! Miaka yote alisema bembea zinamtia kizunguzungu. Sasa wameshiriki mti mmoja katikati, yeye upande huu, bwana upande ule. Roho iliniuma kweli, sitaficha.

Daktari akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia ninachagua mandhari.

Mwisho nikapata. Miti miwili, umbali barabara kabisa, kana kwamba fundi wa baraza langu ndiye aliyeipanda. Kasoro moja tu: katikati yake inapita njia ya kwenda chooni. Nikasema liwalo na liwe. Nikafunga, nikapanda polepole, nikalala chali kama maiti, kwa sababu ukipumua vibaya inakutupa.

Kambi ile ilikuwa na kundi zima la wanakwaya waliokuja kufanya mazoezi. Lo, watu wale wanakunywa chai! Mmoja baada ya mwingine walipita, wakainama chini yangu, wakasema samahani mzee. Wa sauti ya kwanza, wa sauti ya pili, wote. Mama mmoja mnene akasema yeye magoti hayamruhusu kuinama, akaniomba nishuke. Nikashuka. Akapita. Nikapanda. Akarudi.

Halafu akaja daktari. Na yeye, ili asinisumbue, akapiga magoti na kutambaa! Nikamwona kwa jicho moja. Nikajifanya nimelala. Adabu ile ilinichoma kuliko tusi. Nikaona afadhali nimpe mgongo, nikageuka.

Bembea ikanitupa juu yake. Mdomo wangu kwenye kisogo chake. Jino langu la mbele likakatika.

Na hapo ndipo dunia inaponichekea mimi kila mara. Katika msitu mzima, mtu pekee aliyejua la kufanya ni yeye niliyemwangukia. Akaniketisha kwenye jiwe, akawasha tochi, akashika kidevu changu, akaniambia nifungue mdomo. Nikafungua. Wanakwaya wamepanga foleni wanatazama. Damu ilikuwa kidogo, aibu ndiyo ilikuwa nyingi.

Binti yangu akafika na shuka mabegani. Hakuuliza kuhusu jino.

"Baba, ile mikanda iko wapi?"

Nikamjibu, kwa shida, kwamba mikanda ya bwana wake sina haja nayo.

"Si yake. Niliishona mimi, kwenye cherehani yako. Nilitaka usihangaike leo, wala mwaka ujao ukija na sisi."

Akauliza tena iko wapi. Nikamwambia iko ndani ya kochi la mwalimu mkuu. Daktari akainamisha uso, mabega yakamtikisika. Binti yangu hakucheka. Alinitazama, akajifunga shuka vizuri, akarudi kwenye bembea yake. Asubuhi chai ilinywewa bila hata yale maneno machache.

Mshono ule nilimfundisha mwenyewe, alipokuwa bado anasimama juu ya kiti ili aifikie meza. Nimeushika mkononi na sikuutambua. Niliona tu umenyooka, nikauchukia. Nina uchungu ambao siwezi kumlaumu mtu kwa ajili yake, na hali hiyo sijaizoea.

Lakini na yeye, kwa nini hakusema?

Jumanne, 10 Septemba

Asubuhi, kwenye kiti cha daktari. Amenijazia mdomo pamba, kisha ndipo akaanza mazungumzo. Ujanja huo! Akasema mke wake mtarajiwa ana huzuni. Akasema wote wawili wanataka niende nao kambini kila mwaka, sisi watatu. Nilitaka kumwambia kwamba hesabu yangu mimi ni wawili. Ikatoka sauti kama ya mbuzi. Akanishukuru kwa kukubali. Jino amelitengeneza vizuri, haligunduliki. Hata hilo limeniudhi.

Mchana, kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia kochi lake lina hitilafu, nilichukue siku moja tu. Akakataa. Akasema tangu lifike hata mkewe ameacha kulalamika mgongo. Nikamwahidi kumwekea mikanda bora zaidi, bure. Neno bure likamtia wasiwasi, akaniuliza kuna nini humo ndani. Nikasema hamna kitu. Akakaa juu ya kochi, akakunja mikono, na hakuinuka mpaka nilipoaga.

Nimerudi mikono mitupu. Binti yangu alikuwa jikoni. Nikamweleza nilikotoka. Akanipa chakula, akanikatia nyama vipande vidogo kwa ajili ya jino.

Ijumaa, 27 Septemba

Kesho ndiyo harusi. Nyumba imejaa shangazi na mama wadogo, sina hata pa kuweka mkasi.

Alasiri binti yangu amenifuata karakanani. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilijua anakuja na jambo.

"Baba, kesho naomba ukae tu. Ukae karibu yangu, usitengeneze kitu chochote."

Nikamwambia nitakaa. Nikamshika mkono. Akalia, nami nikalia, nikamwambia ni vumbi la sponji. Nikamwomba msamaha wa ile mikanda, kwa maneno kamili, bila lakini. Akasema atanishonea mingine. Kwa mara ya kwanza tangu msituni nimemwona anacheka, na mzigo wote niliokuwa nao kifuani umeshuka. Ahadi ile niliitoa kwa moyo wangu wote.

Jioni vijana wa kukodisha mahema wamekuja wakasimamisha hema la wageni uani. Hema zuri, jeupe, sina neno. Lakini kamba zake! Loo! Zimetoka kila upande, zimetanda uwanja mzima mpaka ukutani, kila moja na kigingi chake. Nimezizunguka mara nyingi. Ndefu bila sababu. Na bibi harusi atapita hapo na gauni linaloburuta chini! Nimemwuliza kiongozi wao kwa nini zisifungwe chini hapahapa, fupi, karibu na hema. Amecheka, amenipigapiga begani, ameniita baba bibi harusi, amekwenda zake.

Hajui anazungumza na nani. Nikizifupisha alfajiri kabla wageni hawajafika, hakuna atakayejikwaa, na binti yangu ataona bila kuambiwa ni nani anayemjali. Mkasi nimeshaunoa. Ahadi iko palepale, nitakaa. Kamba mtu anaweza kuzikata akiwa amekaa.