Maumbile ya Kukamua

Jumatatu, 4 Agosti 1969
Mke wangu Kabura amekwenda Nyeri, chuo cha wakulima, kusomea keki hadi Ijumaa. Serikali imeamua: kwa maumbile, mwanamke ni wa keki, mwanamume ni wa ng'ombe wa gredi, hawa wa kizungu wenye maziwa mengi. Nilipiga makofi barazani. Nikamwambia Bwana Shamba Simeon ati Rosi, ng'ombe tuliyepewa na serikali, namkamua mwenyewe. Uongo! Sijawahi kumgusa. Ijumaa anakuja kuniona nikikamua. Nikishindwa, Rosi anapewa jirani yangu Ngatia. Kabura aliniuliza nani atakamua. Nikamjibu maumbile yatakamua.

Jumanne
Nilimsemesha Rosi kwa sauti ya kiume. Akanitazama kama mama mkwe. Teke! Ndoo imebonyea, goti pia. Nikajifungia stoo, nikaacha ndama wake anyonye maziwa yote. Ngatia aliuliza kutoka uani kwake kama hiyo ndiyo njia mpya ya kukamua. Mshenzi.

Alhamisi
Sijalala kwa hofu. Lakini akili ni mali! Nimevaa sweta ya Kabura na kitambaa chake cha kichwa, nikaimba wimbo wake wa kanisani kwa sauti nyembamba. Rosi akatulia. Nusu ndoo! Kesho nitakamua mapema, nivue, nimsubiri Bwana Shamba na ndoo imejaa. Mungu wangu, asiwahi.

Ijumaa
Amewahi. Tena kwa Landrova, na Kabura ndani, keki mapajani. Mimi niko chini ya Rosi, kitambaa kichwani, ubeti wa tatu. Hakuna aliyecheka, hata Ngatia pale uani kwake. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Simeon akamuuliza Kabura kama ni kweli ng'ombe huyu ni wangu kwa maumbile.

“Hakuzaliwa akinijua, Bwana Shamba. Nilimzoesha,” Kabura akasema, akaninyoshea kidole. “Hata huyu baba Wachuka angezoea, angekuwa anaamka mapema.”

Rosi ameandikwa kwa jina la Kabura. Mimi Jumatatu naenda chuoni. Keki.

Jumamosi
Nimewaza sana, na nimeona kosa. Rosi ni jike, ndiyo maana anasikizana na majike wenzake. Maumbile hayadanganyi! Kumbe mimi ni wa fahali. Nimekimbia hadi kwa Simeon, nikamwambia ati mafahali wananitii tangu utotoni. Akanitazama sana. Kisha akasema yuko na mmoja mkali, ameshinda wachungaji wawili, nikitoka kwa keki ataniletea.

Kabura sijamwambia. Nimeiweka ile sweta karibu.